Nyumba ya Angie: filamu ya Hong Kong na fumbo la nani anarithi

Tangu Septemba 2025, Baraza la Kutunga Sheria la Hong Kong lilipoukataa muswada wa kuwatambua wapenzi wa jinsia moja kwa kura 71 dhidi ya 14, nimekutana na mkanganyiko uleule kila habari hii inapozungumzwa. Mmoja anasema mahakama ya huko ilishatoa hukumu, na wapenzi hao sasa wanarithiana kama mume na mke. Mwingine anasema hawana haki yoyote, baraza limefunga mlango. Wote wawili wamesoma habari za kweli. Tatizo ni kwamba kila mmoja ameshika kipande chake na kukidhania ndicho kitu kizima.

Njia nyepesi niijuayo ya kuviunganisha vipande hivyo ni kuanza na filamu badala ya sheria. Inaitwa All Shall Be Well, na imeongozwa na Ray Yeung wa Hong Kong, mtu aliyesomea sheria kabla ya kushika kamera. Jina la filamu kwa Kichina maana yake ni "kuanzia sasa na kuendelea". Inahusu wanawake wawili wenye umri wa miaka sitini na kitu, Angie na Pat, waliopendana kwa zaidi ya miaka 40 na kukaa nyumba moja kwa zaidi ya miaka 30.

Filamu hii huitwa filamu huru, na neno hilo nalo linawachanganya watu. Uhuru huo hauna uhusiano na siasa, wala hauna maana kwamba filamu imewakwepa wakaguzi. Filamu huru ni ile iliyotengenezwa nje ya kampuni kubwa za sinema, kwa fedha kidogo. Chukua mfano wa mama ntilie na hoteli ya kitalii. Mama ntilie hana orodha ya vyakula ya kurasa kumi, lakini anachokipika amekionja mwenyewe, na hakuna meneja wa kumwambia apunguze pilipili kwa ajili ya wageni. Ndiyo maana All Shall Be Well inaweza kutulia. Haina ugomvi wa kupigana, haina muziki wa kukulazimisha ulie. Ilianza kuonyeshwa kwenye tamasha la Berlin Februari 2024, ikapata tuzo ya Teddy, inayotolewa huko kwa filamu zinazogusa maisha ya wapenzi wa jinsia moja, kisha mwaka huohuo ikaonyeshwa kwenye kumbi za Hong Kong kama filamu nyingine yoyote.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Siku ya sikukuu ya katikati ya vuli, ambayo kwa Wachina ni siku ya familia kula pamoja na kuutazama mwezi, Angie na Pat wanakwenda sokoni asubuhi, wanapika, na jioni wageni wanafika. Anakuja Shing, kaka yake Pat. Anakuja Mei, mke wa Shing, yaani wifi yake Pat. Wanakuja watoto wao wakubwa, Victor na Fanny, na Fanny ana familia yake. Watu wanacheka, wanakula. Angie si mgeni pale, bali ni mwenyeji. Watoto wale wamekua wakimwona kila mwaka na wanampenda bila kujilazimisha.

Usiku huohuo Pat anafariki usingizini.

Naomba msomaji asimame hapo kidogo, kwa sababu kila kinachofuata kinatokana na swali moja ambalo pale mezani hakuna aliyehitaji kuliuliza. Pat ni shangazi yao Victor na Fanny. Ni dada yake Shing. Je, Angie ni nani yao? Kwa upendo, ni mtu wa nyumbani. Kwa karatasi, si mtu. Lugha yetu ina maneno mengi ya ukoo, wifi, shemeji, mkaza mjomba, mavyaa, na kila neno hubeba haki na wajibu wake. Anayeitwa wifi ana mahali pa kukaa msibani. Angie hana neno lake, na asiye na neno ni mwepesi kusogezwa.

Mirathi bila wosia

Mtu anapofariki bila wosia, mali yake haiwi ya aliye karibu naye zaidi moyoni. Sheria ina orodha, na orodha hiyo inasomwa kutoka juu kwenda chini kama foleni. Hong Kong ina sheria yake ya mirathi ya wasioacha wosia, na foleni yake inakwenda hivi: wa kwanza ni mume au mke wa ndoa halali, pamoja na watoto. Wasipokuwepo, wazazi. Wasipokuwepo, kaka na dada. Pat hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, wala wazazi hawapo tena. Foleni inamfikia Shing. Hati ya nyumba ina jina moja tu, la Pat. Kwa hiyo nyumba ni ya Shing.

Hakuna mahali ambapo sheria hii inaandika "wapenzi wa jinsia moja wasirithi." Haiwataji kabisa. Angie hakufukuzwa kwenye foleni, bali hakuwahi kuwemo, sawa na rafiki, jirani, au mtu aliyemuuguza marehemu miaka kumi bila kuwa ndugu yake. Watu wengi hudhani sheria ya kubagua lazima iwe na maneno makali. Hii haina neno hata moja la ukali, na inafanya kazi yake vilevile.

Hapo ndipo wengi huuliza: si wangeandika jina la wote wawili kwenye hati? Ndiyo, na ingesaidia sana, lakini inategemea wameandikaje. Umiliki wa pamoja una sura mbili, na sinia la pilau linatosha kuzieleza. Katika sura ya kwanza, watu wawili wanakula kutoka sinia moja bila kugawana. Mmoja akinyanyuka asirudi, aliyebaki anaendelea na sinia zima. Nyumba iliyoandikwa hivyo inahamia kwa aliyebaki hai palepale, haiingii kwenye mirathi, na kaka wa marehemu hana la kudai. Katika sura ya pili kila mtu amepakuliwa sahani yake, nusu kwa nusu au vyovyote walivyokubaliana. Mmoja akifariki, sahani yake inakwenda kwa warithi wake, na aliyebaki anajikuta anakula meza moja na watu ambao hakuwachagua. Tofauti ya sura hizi ni maneno machache tu kwenye hati, na wako watu wanaosaini bila kujua wamechagua ipi. Kwa Pat na Angie hata hilo halikuwepo: palikuwa na sahani moja, ya Pat.

Na wosia je? Hili ndilo linalosemwa zaidi kuliko yote, na mara nyingi linasemwa kwa sauti ya lawama: si angeandika tu! Wosia wa Hong Kong hauhitaji fedha nyingi. Uwe umeandikwa, uwe na saini ya mwenyewe, na mashahidi wawili wawepo pamoja wakati anasaini. Shahidi asiwe mtu anayepewa kitu, maana akisaini kama shahidi anapoteza alichoachiwa. Kwa hiyo Angie mwenyewe hangefaa kuwa shahidi wa wosia wa Pat, kosa ambalo watu hulifanya kwa nia njema kabisa.

Lakini sote tunajua kwa nini watu hawaandiki. Kwa Wachina wengi wa kizazi cha Pat, kutaja kifo ukiwa mzima ni kukiita. Sisi tuna neno letu, uchuro, na sidhani kama kuna familia ya pwani au ya bara isiyowahi kumnyamazisha mzee aliyeanza kusema "nikifa mimi." Ndiyo maana simlaumu Pat. Mwenye ndoa ya cheti anaweza kuogopa uchuro na sheria ikamlinda mjane wake hata hivyo. Pat hakupewa nafasi ya kuogopa kama watu wengine. Angalifanya kosa hilohilo akiwa na mume, mume huyo angelala nyumbani kwake.

Kuna dhana nyingine inayofaa kuondolewa hapa, kwa kuwa hata kwetu imewaponza watu: nguvu ya uwakili. Wako wapenzi na hata ndugu wanaopeana karatasi hiyo wakidhani imemaliza kila kitu. Inasaidia mtoaji akiwa hai. Akifariki, karatasi ile inakufa naye dakika hiyohiyo.

Nani anamzika

Mwili unakuja kabla ya nyumba, na sehemu hii ya filamu ndiyo iliyonikaa zaidi. Pat alitaka majivu yake yamwagwe baharini. Angie anajua, waliongea. Hong Kong zaidi ya marehemu tisa kati ya kumi huchomwa, na serikali ina huduma ya feri ya bure kwa familia zinazotaka kumwaga majivu baharini, kwa hiyo si ombi la ajabu wala la gharama. Lakini Mei anakwenda kwa mtaalamu wa mambo ya bahati na pepo, naye anamwambia kwamba kumhifadhi marehemu kwenye kijumba cha majivu kutaleta neema kwa familia. Shing ndiye ndugu wa damu, na saini inayohitajika ni yake. Majivu yanawekwa kwenye kijumba.

Wasomaji wa Kenya hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili. Wakili S.M. Otieno alifariki Desemba 1986, na mjane wake Wambui Otieno alitaka kumzika shamba lao la Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ilikwenda mpaka Mahakama ya Rufani, mwili ukakaa miezi mitano, na Mei 1987 ukoo ukashinda. Wambui alikuwa mke wa ndoa ya serikali. Kama mke wa cheti aliweza kushindwa hivyo mbele ya damu na mila, msomaji anaweza kupima Angie alikuwa amesimama juu ya nini.

Hapa wosia ungefanya kazi ambayo watu hawaitegemei. Katika nchi zinazofuata sheria za Kiingereza, Hong Kong ikiwemo, maneno ya marehemu kuhusu maziko yake kwa kawaida hayamfungi mtu kisheria, hata yakiandikwa. Lakini mtu aliyeteuliwa kutekeleza wosia ndiye mwenye kauli ya kwanza juu ya mwili. Kwa hiyo faida kubwa ya wosia kwa Pat isingekuwa sentensi "nimwageni baharini." Ingekuwa ile sentensi ya kawaida ambayo wengi huiruka: "namteua Angie."

Mlango wa nyuma, na bei yake

Bado kuna njia moja kwa aliyebaki bila wosia na bila ndoa. Sheria ya Hong Kong inamruhusu mtu aliyekuwa akitunzwa na marehemu, kwa sehemu kubwa au yote, mpaka muda mfupi kabla ya kifo, kuiomba mahakama imgawie kitu kutoka kwenye mirathi. Kwa kawaida anatakiwa aombe ndani ya miezi sita tangu msimamizi wa mirathi apewe kibali. Wanasheria wanaliita dai la tegemezi.

Lisome tena neno hilo. Ili mahakama imsikilize, Angie lazima athibitishe kwamba alikuwa anaishi kwa mkono wa Pat. Hapelekwi pale kuthibitisha kwamba walipendana, wala kwamba walijenga maisha pamoja au kwamba ni yeye aliyejua Pat anapenda chai ya namna gani. Anatakiwa kuthibitisha kwamba alitunzwa. Miaka 40 ya usawa lazima ivuliwe nguo na kuvishwa nyingine, ya mtu aliyelelewa. Kadiri alivyochangia zaidi, ndivyo dai linavyodhoofika. Sijui njia nyingine ya kusema hili isipokuwa kwamba linamdhalilisha mtu katika wiki ambazo hana nguvu hata ya kutandika kitanda. Patra Au, anayemwigiza Angie, halii sana kwenye filamu hii. Uso wake unafunga tu, taratibu, kama duka linalofunga milango yake mmoja mmoja.

Na hapa nataka kumtetea mtu ambaye watazamaji wengi humchukia wakitoka ukumbini: Shing, pamoja na mkewe. Shing ni mzee anayelinda maegesho ya magari usiku. Mei anasafisha vyumba vya hoteli. Victor anataka kuanza maisha na mchumba wake na hana pa kukaa. Fanny, mumewe na watoto wamebanana kwenye nyumba ndogo. Hong Kong ni miongoni mwa miji yenye nyumba ghali kupita yote duniani, mji ambao mshahara wa maisha yote huweza usinunue vyumba viwili. Halafu sheria inakuja mlangoni kwa watu hawa na kuwaambia: hii nyumba nzuri ni yenu, mkitaka. Hawakuiomba, na wala hawakumchukia Angie. Shing anaona aibu, unaiona machoni. Lakini ana watoto. Yeung hakutengeneza mashetani, na nadhani ndiyo sababu filamu inauma, kwa maana ukimweka mtu yeyote mwema kwenye kiti kile, hujui atafanya nini. Sijui ningefanya nini. Nani kati yetu hajaona mjane wa ndoa halali kabisa akihesabiwa vyombo na mashemeji waliomlilia juzi?

Kwa nini wazee hasa

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mwongozaji hakuchagua vijana. Yeung amesimulia kwamba wazo lilimjia baada ya kuhudhuria mazungumzo juu ya mirathi ya wapenzi wa jinsia moja mjini kwake, na mirathi ni habari ya wazee. Lakini kuna sababu ya hesabu pia. Filamu yake ya 2019, Suk Suk, nayo ilihusu wazee, wanaume wawili wenye watoto na wajukuu. Watu wa rika hilo walikuwa vijana katika mji ambako mapenzi kati ya wanaume yalikuwa jinai hadi 1991. Angie na Pat, kwa hesabu ya miaka yao, walianza maisha pamoja miaka ya themanini. Nchi ya kwanza duniani kufungisha ndoa za jinsia moja ilikuwa Uholanzi, mwaka 2001. Taiwani, ya kwanza barani Asia, ilifuata 2019. Mlango ulipofunguliwa mahali popote, wao walishakuwa na karibu miaka ishirini ya pamoja, wameshazoea kuishi bila karatasi. Kijana wa leo anaweza kupanda ndege, akafunga ndoa ng'ambo na kurudi. Mwanamke wa miaka sitini na tano haoni kwa nini aende nchi ya watu kuuliza kama mtu aliyelala naye chumba kimoja miaka 30 ni wake.

Jambo hilo la ndege ndilo linalotufikisha kwenye zile habari mbili zinazogongana.

Habari ya kwanza ni hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Mwisho ya Hong Kong, Novemba 26, 2024. Edgar Ng na Henry Li walifunga ndoa London mwaka 2017. Ng alinunua nyumba chini ya mpango wa serikali wa nyumba nafuu, akawa na hofu kwamba akifariki bila wosia Li hataipata, akafungua kesi. Alifariki Desemba 2020 kesi ikiendelea, na Li akaiendeleza. Majaji waliamua kwa kauli moja kwamba kuwanyima wenzi kama hao urithi na haki za nyumba hizo ni ubaguzi usio na sababu. Waliosema "wanarithiana" walisoma hapo. Ila hukumu ile inawahusu wenye ndoa halali iliyofungwa ng'ambo. Hong Kong yenyewe haifungishi ndoa hizo.

Habari ya pili ilianza Septemba 5, 2023, katika kesi ya mwanaharakati Jimmy Sham. Mahakama hiyohiyo ilikataa kusema kwamba katiba inadai ndoa za jinsia moja, lakini kwa wingi wa majaji ikasema serikali lazima iweke utaratibu mwingine wa kuutambua uhusiano huo, ikapewa miaka 2. Serikali ikaleta muswada mwembamba, wa kusajili waliokwisha kufunga ndoa au kujisajili ng'ambo, na kuwapa haki chache za hospitali na za kushughulikia maiti ya mwenza. Huo ndio uliokataliwa Septemba 10, 2025.

Je, baraza limefuta hukumu? Hapana. Fikiria nyumba ya urithi yenye wakubwa wengi. Mzee wa ukoo amesema paa linavuja na lazima litengenezwe ndani ya miaka 2. Fundi ameletwa, na wengi waliomo ndani wamemzuia asipande ngazi. Amri ya mzee bado ipo, na paa bado linavuja. Hukumu ya Ng na Li nayo iko palepale, kwa sababu haikuwa sehemu ya muswada ule. Hivyo ndivyo watu wawili wanavyoweza kusema mambo yanayopingana na wote wakawa wamesoma gazeti la kweli.

Afrika Mashariki sheria zetu juu ya mapenzi ya jinsia moja ni kali, na kila msomaji ana imani yake. Lakini kesi ya nyumba na ya kaburi tunaijua kuliko watu wengi. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia kwamba mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 na kujulikana hivyo ni mume na mke, mpaka ithibitishwe vingine, na hata hivyo mahakama zetu zimejaa wanawake wanaoulizwa cheti kiko wapi.

Sasa mrudishe Angie kwenye nyumba yake. Kama Pat angefariki leo usiku, baada ya hukumu zote na kura zote hizo, Angie angekuwa wapi? Hawakufunga ndoa London wala popote, kwa hiyo hukumu ya Ng na Li haimgusi. Muswada ule hata ungepita usingemgusa, maana ulitaka cheti cha ng'ambo. Angebaki na dai la tegemezi na miezi sita ya kulipeleka, na Shing angebaki na saini yake.